Mzunguko wa Shamba Si Ukubwa Wake

Hakuna kitu katika nchi yetu ya Uganda kinachogombanisha ndugu upesi kama ardhi. Kila mwenyekiti wa baraza la kijiji, kila hakimu, kila mkuu wa gombolola, na kila padri au shehe aliyepata kuitwa kusuluhisha watu, anazijua habari hizo kuliko mimi. Husemwa kwamba chanzo cha magomvi hayo ni uchoyo, au ni wingi wa watu, au ni sheria zenyewe zilivyotungwa. Hayo yote yamo. Lakini kiko chanzo kingine ambacho hakitajwi sana, nacho ni kwamba wengi wetu tunauza, tunanunua na kurithishana kitu tusichojua kukipima.

Ndugu msomaji asidhani kuwa nataka kumrudisha darasani kwa dhihaka. Hesabu za maumbo, yaani za pembetatu, mstatili, duara na pembe zake, tulifundishwa sote tuliopita shule ya msingi. Tulizikariri, tukazijibu katika mtihani, kisha tukazifungia kabatini pamoja na madaftari. Matokeo yake ni kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, awezaye kukadiria bei ya ng'ombe kwa kumtazama tu, husimama katika shamba lenye pembe nne akaambiwa kuwa hiyo ni eka moja, naye akatoa akiba yake ya miaka kumi bila ya kuuliza eka hiyo imepatikanaje. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba katika ununuzi wa ardhi, kutouliza ni hasara.

Jambo ninalotaka kulithibitisha ni moja: urefu wa pande za shamba hautoshi kujulisha ukubwa wake. Anayekutajia pande nne tu amekupa nusu ya habari. Nusu ya pili imo katika pembe, na mara nyingi ni hapo haki ya mtu inapopotelea.

VIJITI VINNE NA UZI

Asiyesadiki na achukue vijiti vinne, viwili vya urefu wa shubiri mbili na viwili vya urefu wa shubiri moja, avifunge ncha kwa ncha kwa uzi mpaka vifanye umbo la mlango. Kisha aushike upande mmoja na kuusukuma taratibu. Umbo lile litalala upande kama kibanda kilichosukumwa na upepo. Vijiti havikupungua hata ukucha, na mzunguko ni ule ule. Lakini nafasi iliyo ndani inazidi kupungua, mpaka mwishowe vijiti vinalaliana na ndani hamna kitu. Sasa afanye hivyo hivyo kwa vijiti vitatu. Asukume atakavyo, pembetatu haitikisiki. Ndiyo sababu fundi wa paa huzifunga kenchi zake kwa pembetatu, na mlango wa mbao hupigiliwa ubao wa mshazari ili usilegee. Kwa pande tatu zinazojulikana liko umbo la ukubwa mmoja tu. Kwa pande nne zinazojulikana, ukubwa waweza kuwa wowote, tangu ule mkubwa kabisa hadi karibu na sifuri.

Tukitoka kwenye vijiti tukaingia mjini, kiwanja tunachokijua wote ni kile cha hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100. Kikiwa mstatili kamili, wenye pembe za nyuzi 90, eneo lake ni futi za mraba 5,000, ambazo ni mita za mraba 464 na ushei. Tuseme sasa kwamba kiwanja kimelala, pembe zake mbili zikawa za nyuzi 60 na mbili za nyuzi 120. Mnunuzi akivuta utepe atakuta hamsini, mia, hamsini, mia, sawasawa kama alivyoambiwa, naye atarudi nyumbani ameridhika. Lakini eneo limeshuka hadi futi za mraba 4,330. Futi za mraba 670 alizolipia hazipo, nazo zingetosha vyumba vitano vya futi 10 kwa 12, na baki juu. Pembe ikilala zaidi, ikawa ya nyuzi 30, kiwanja kinabakia nusu, yaani futi za mraba 2,500, na pande zake bado ni hamsini kwa mia.

Dawa ya jambo hili haigharimu hata senti. Ni kupima mara mbili zaidi, kwa mshazari, toka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Pande zinazokabiliana zikiwa sawa, na mishazari yote miwili ikiwa sawa, kiwanja ni mstatili. Mshazari mmoja ukiuzidi mwenzake, pembe zimelala na eneo limepungua. Kwa kiwanja cha hamsini kwa mia kilicho halali, kila mshazari ni futi 111 na inchi 10 hivi. Tarakimu hiyo moja yafaa ijulikane kwa kila mtu anayenunua kiwanja. Mafundi wetu wa ujenzi wanayo dawa nyingine ya ukoo huo huo: hupima 3 upande huu, 4 upande ule, na mshazari ukifika 5 wanajua kwamba kona ni ya nyuzi 90. Fundi anaitumia kila anapoweka msingi wa nyumba. Ni ajabu kwamba nyumba hupimwa pembe zake kwa uangalifu kiasi hicho, na ardhi inayoibeba nyumba haipimwi.

Hali kadhalika, inafaa kuhesabu kabla ya kukubali majina ya vipimo. Eka moja ni futi za mraba 43,560, na desimali ni sehemu moja katika mia ya eka. Kwa hiyo kiwanja cha hamsini kwa mia, hata kikiwa hakina ila yoyote, ni desimali 11 na nusu hivi. Anayeuziwa kiwanja hicho kwa hesabu ya thumuni ya eka, yaani desimali 12 na nusu, amelipia desimali moja isiyokuwapo. Mwenye eka moja akitoa viwanja vinane vya namna hiyo, atakuwa amegawa futi za mraba 40,000, na futi 3,560 zitabaki kwa njia. Kama njia haionekani, mnunuzi ana haki ya kuuliza iko wapi.

WAYA MMOJA, MASHAMBA MENGI

Kosa la pili ni kulikadiria shamba kwa kulizunguka. Mtu husema kwamba lile ni kubwa kuliko hili, kwa kuwa alipolizunguka alichoka zaidi. Tuchukue waya wa mita 400. Tukizungushia shamba la mraba, mita 100 kila upande, tutapata mita za mraba 10,000, yaani hekta moja kamili. Waya huo huo ukizungushiwa shamba la mita 150 kwa 50, tutapata mita za mraba 7,500. Ukizungushiwa shamba refu na jembamba la mita 190 kwa 10, tutapata mita za mraba 1,900 tu, ambazo hazifiki hata nusu eka. Waya ni mmoja, bei ya nguzo ni moja, jasho la kuzunguka ni moja. Lakini mwenye shamba la tatu hana hata robo ya shamba la kwanza.

Kinyume chake, waya huo ukizungushwa duara, unafunga zaidi ya mita za mraba 12,700, na hakuna umbo lolote jingine liwezalo kuzidi hapo. Wafugaji wa Karamoja wanaozungushia maboma yao miiba kwa umbo la mviringo wanaingiza mifugo mingi zaidi kwa miiba michache zaidi, na hiyo ni jiometri iliyo safi, ijapokuwa haikuandikwa ubaoni.

Kosa hili la mzunguko si letu peke yetu wala si la leo. Yapata miaka 2,100 iliyopita na zaidi, Polybius, Mgiriki aliyekuwa kamanda wa wapanda farasi kabla ya kuwa mwandishi wa historia, alilalamika kwamba watu wengi huupima ukubwa wa mji kwa mzunguko wake. Alitoa mfano wa Megalopolis, mji wake mwenyewe alikozaliwa, uliokuwa na mzunguko wa stadia 50, na Sparta uliokuwa na mzunguko wa stadia 48. Stadia ni kipimo chao cha urefu. Watu waliposikia kwamba Sparta ulikuwa mkubwa mara mbili kuliko Megalopolis, hawakusadiki. Polybius alisema sababu ni kwamba tumeyasahau mafundisho ya jiometri tuliyopewa utotoni, na akawaonya hasa wale wanaotaka kuongoza majeshi na miji, kwa kuwa mtu asiyeweza kukisia kambi itachukua askari wangapi hafai kuipanga.

Miaka mia kadhaa baadaye Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5, aliandika jambo lililo baya zaidi. Alieleza kuwa walikuwapo watu waliogawana mashamba na wenzao kwa kutazama urefu wa mzunguko, wakawaachia wenzao yenye mzunguko mrefu na wao wakashika yenye mzunguko mfupi lakini eneo kubwa zaidi. Zaidi ya hayo, wakasifiwa kwa uaminifu! Msomaji atakumbuka kwamba waliodanganywa walikuwa wamesimama pale pale, wakiangalia kwa macho yao. Kilichowakosa hakikuwa macho bali hesabu.

KATA SHAMBA LIWE PEMBETATU

Basi tupimeje? Jibu limo katika vile vijiti vitatu. Kwa kuwa pembetatu haitikisiki, shamba lolote lenye pande nyoofu, liwe la pembe nne au tisa, hukatwa likawa pembetatu, kila moja ikapimwa peke yake, kisha zikajumlishwa. Na eneo la pembetatu ni lile lile tulilolikariri: kitako mara kimo, gawanya kwa mbili.

Nitoe mfano mmoja kwa ukamilifu. Tuseme liko shamba la migomba lenye pande nne zisizolingana: mita 60, kisha 80, kisha 67, kisha 50 kurudi mwanzo. Tunafunga kamba ya mshazari toka pembe iliyo kati ya upande wa 50 na wa 60, hadi pembe inayoikabili, nayo inatoka mita 100. Sasa shamba limekuwa pembetatu mbili zenye kitako kimoja. Ili kupata kimo cha kila moja, mtu mmoja anashika mwanzo wa utepe katika pembe iliyobaki, na mwenzake anautembeza juu ya ile kamba ya mshazari. Mahali ambapo utepe ni mfupi kuliko kote ndipo penye kimo. Upande huu tunapata mita 48 na upande wa pili mita 30. Pembetatu ya kwanza ni mita za mraba 2,400, ya pili ni 1,500. Shamba lote ni mita za mraba 3,900.

Sasa tazama linavyopimwa vibaya. Mtu huchukua pande mbili zinazokabiliana, 60 na 67, akatafuta wastani wake, 63 na nusu. Huchukua na pande nyingine mbili, 80 na 50, akapata wastani wa 65. Kisha huzidisha 63 na nusu kwa 65, akapata zaidi ya mita za mraba 4,127. Eka moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Kwa hesabu hiyo muuzaji anatangaza kwa moyo safi kwamba shamba limezidi eka moja, na kumbe halifiki eka. Tofauti ni mita za mraba 227, karibu nusu ya kile kiwanja cha hamsini kwa mia. Na jambo la kuangaliwa sana ni hili: njia hiyo ya wastani haikosei mara huku na mara kule. Katika shamba la pembe nne, isipokuwa likiwa mstatili kamili, kila mara huzidisha. Kwa hiyo kila mara humpendelea muuzaji, na kila mara humwumiza mnunuzi.

Njia hiyo ni ya kale mno. Maji ya Nile yatokayo kwetu Jinja hupita Sudani yakafika Misri, na huko, katika kuta za hekalu la Edfu, imechongwa orodha ya mashamba ambamo maeneo yamepatikana kwa wastani huo huo wa pande zinazokabiliana. Herodotus naye aliandika kwamba maarifa haya yalianzia Misri, kwa sababu mafuriko ya mto yalikuwa yakimega mashamba na ilibidi yapimwe upya ili kodi ipunguzwe kwa haki. Hata neno jiometri, katika Kigiriki, maana yake ni kupima ardhi. Elimu hii haikuzaliwa katika ukumbi wa mtihani. Ilizaliwa shambani, katika bara letu, ukingoni mwa mto wetu, kwa ajili ya haki ya mkulima.

Faida yake haiishi katika kununua na kuuza. Mzee akifariki na kuacha shamba la pembetatu kwa watoto wawili, wazee wa ukoo hulitazama, wakakisia katikati, wakapanda mti wa mpaka. Miaka ishirini baadaye wajukuu wanashikiana mapanga. Na kumbe ilitosha kuupima upande mmoja, kuutia alama katikati, na kuvuta kamba kutoka hapo hadi pembe inayoukabili. Sehemu mbili zitakazopatikana zina kitako sawa na kimo kimoja. Haziwezi kuwa na maeneo tofauti, hata zikionekana tofauti machoni. Warithi wakiwa watatu, upande ule ugawanywe mara tatu, na kamba zote zielekezwe kwenye pembe ile ile. Haijalishi ikiwa mmoja wa warithi ni binti, au ni mjane asiye na wa kumsemea: kamba haimjui mtu. Utepe na pembetatu ni mashahidi wasiohongeka, na wanyonge ndio wanaowahitaji mashahidi wa namna hiyo kuliko wenye nguvu.

PEMBE MLIMANI NA VITANI

Iko hila nyingine ya pembe ambayo si wizi, lakini huleta ugomvi ule ule. Katika milima ya Kigezi mtu hupima shamba lake kwa kuulaza utepe juu ya mteremko. Ramani na hati, kwa desturi ya upimaji, hutaja eneo la usawa, kana kwamba tunalitazama shamba kutoka juu angani. Mteremko wa nyuzi 30 wenye urefu wa mita 100 ni mita 86 na nusu tu katika usawa. Shamba la mita 100 kushuka na mita 50 kukata mlima, ambalo kwa utepe ni mita za mraba 5,000, katika ramani litaandikwa 4,330. Mnunuzi atapiga kelele kwamba ofisi imemwibia, na muuzaji ataapa kwa dini yake kwamba alipima. Wote wawili wanasema kweli. Kinachohitajika hapo ni mtu wa kuwaeleza pembe, au kuwafundisha kuushika utepe ukiwa umenyooka usawa na kushuka mlima hatua kwa hatua.

Katika shule ya maofisa wanafunzi tulifundishwa mapema kwamba kwa askari pembe si mchoro wa ubaoni. Anayerusha mzinga akikosea digrii moja tu ya uelekeo, katika umbali wa kilomita 3 atakuwa amepotoka mita 52, na katika mita 52 kinaweza kuwapo kijiji cha raia. Askari asiyejua alipo hutafuta vilima viwili anavyovijua katika ramani, hupima kwa dira uelekeo wa kila kimoja, kisha huchora mistari miwili kurudi nyuma. Inapokatana, ndipo alipo. Naye hufundishwa kuchagua vilima vinavyofanya pembe pana, inayokaribia nyuzi 90, kwa sababu mistari inayokatana kwa pembe nyembamba hugeuza kosa dogo kuwa kubwa.

Hata ramani zetu zenyewe ni matunda ya pembetatu. Mwaka 1879 David Gill, mnajimu wa Rasi ya Tumaini Jema, alipendekeza mlolongo wa pembetatu upimwe toka kusini mwa Afrika hadi Cairo, ukiifuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, ambayo hupita magharibi mwa Uganda. Sehemu ya kwetu ilipimwa mwaka 1908 na 1909, na kazi yote ilikamilika mwaka 1954. Mfumo wa ramani uitwao Arc 1960, uliotumika Uganda, Kenya na Tanzania, ulipata jina lake kwa mlolongo huo. Wapimaji walikaa juu ya vilele vya milima, wakaangalia kilele hata kilele, na kila pembetatu wakaihakikisha kwa kanuni anayoijua mtoto wa shule: pembe tatu zikijumlishwa hazina budi kuwa nyuzi 180, pamoja na kiasi kidogo mno kinachoongezeka katika pembetatu kubwa kwa ajili ya mviringo wa dunia. Zisipofika, mtu amekosea, na kazi hurudiwa. Laiti mikataba yetu ya ardhi ingekuwa na kipimo cha kujisahihisha namna hiyo!

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wako watakaosema kwamba siku hizi simu ya mkononi hupima shamba kwa kutembea tu kulizunguka. Naisifu simu, lakini simu ya kawaida, hata mahali pa wazi, huweza kukosea mahali ulipo kwa mita tano hivi. Katika shamba la hekta kumi kosa hilo si kitu. Katika kiwanja ambacho upana wake ni futi 50, yaani mita 15 na robo, mita tano ni theluthi ya upana wote. Aliye na kiwanja kidogo, ambaye kwa kawaida ndiye maskini, hawezi kuitegemea simu hiyo.

Wako watakaosema kwamba nchi ina wapimaji waliosajiliwa. Ni kweli, na mimi simshauri mtu yeyote kung'oa mawe ya mpimaji au kuidharau ofisi ya ardhi. Asiye mganga hajitibu maradhi makubwa. Lakini hakuna aliyekatazwa kujua kama ana homa. Mpimaji huitwa na kulipwa, na watu wengi vijijini huandikiana mkataba siku nyingi kabla ya kumwita, au wasimwite kabisa. Katika kipindi hicho ulinzi wao ni ujuzi wao wenyewe. Isitoshe, mpimaji mwaminifu hufurahi akiulizwa na mtu anayefahamu, na asiye mwaminifu huogopa.

Wako pia watakaosema kwamba haya ni mambo ya wasomi. Hapana. Tangu mwaka 1997 Serikali ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote, ni nyumba chache ambazo hazina hata mtoto mmoja aliyefundishwa eneo la pembetatu. Elimu imo nyumbani. Haijatolewa nje tu. Katiba ya mwaka 1995 ilitamka kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia. Haki hiyo itakuwa na uzito gani ikiwa raia hawezi kusema ni kiasi gani alicho nacho?

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, yote ya gharama ndogo. La kwanza, walimu wa shule za msingi wawatoe wanafunzi nje wakapime kiwanja cha shule kwa kamba, wakikate pembetatu, na jibu lao walilinganishe na lile la darasa jingine. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto aliyeutafuta mshazari kwa miguu yake hatausahau kama aliyeukariri. La pili, kila mkataba wa kuuziana ardhi unaoandikwa mbele ya baraza la kijiji utaje, pamoja na pande zote, urefu wa mshazari angalau mmoja, na katika kiwanja cha pembe nne itajwe yote miwili. Ni mstari mmoja tu wa wino, nao unaifunga pembe isisogee tena. La tatu, kila baraza la kijiji liwe na utepe wa mita 50 na vijana wawili wanaojua kuutumia, ili mnunuzi, muuzaji na majirani wapime pamoja, mchana, kabla ya fedha kutoka mkononi.

Nawasemea pia askari wenzangu wanaokaribia kustaafu. Mtu aliyelitumikia Taifa miaka ishirini hupewa kiinua mgongo chake mara moja, na mara nyingi jambo la kwanza analolitafuta ni mahali pa kujenga. Aliyeweza kuisoma ramani porini usiku asikubali kuuziwa kiwanja mchana kweupe kwa kutajiwa pande nne. Avute kamba ya mshazari mbele ya muuzaji na mashahidi, aandike alichokipata, na wote watie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika daftari la ardhi mshazari usikosekane.